Siku Walipokuja Kuchimba Chumba cha Michezo

Kitahana,
Kibondo, Kigoma.
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Nasma,

Assalaam alaykum. Kaa chini kwanza. Nakujua, ukisoma umesimama unaruka mistari, halafu unaanza kulia mahali pasipo na kilio. Umekaa? Haya. U hali gani, mama? Shemeji hajambo? Kile kikohozi chake cha vumbi la saruji kimepungua, au bado anajidai ni mafua? Na watoto, wanasoma au wanakusomesha wewe?

Sisi huku ni wazima. Wifi yako Shadia hajambo, isipokuwa hasemi nami vizuri, na sababu utaiona. Goti langu la kushoto ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Safari hii limesema kweli: mvua za kwanza zimedondoka na kila mtu yuko shambani na jembe.

Nimeisikia ile sauti uliyonitumia kwenye simu, unalia, "Kaka, njoo Tanga, watakuua." Najua habari umeipata kwa Mansuri, ndugu yetu wa Kasulu anayeuza vitenge kwa rejareja na maneno kwa jumla. Amekwambia nimechomewa nyumba. Sijachomewa. Nyumba ipo, bati lipo, lina tundu moja tu nitakalokueleza. Nimeona heri nikuandikie, maana mtandao wa huku hukatika pale pale penye neno. Athuman, yule mwenye lori, anapeleka maharage Tanga Jumanne, na barua hii ameahidi kukupa mkononi.

Chanzo cha yote ni chumba cha michezo. Mwaka jana mwalimu mkuu alitakiwa kumpeleka mtu mmoja Kasulu kwenye mafunzo ya tiba ya michezo, akanichagua mimi. Nikajiona. Nikanunua na shati. Baadaye nikaja kujua kwamba wenzangu wote walikuwa wamesema wana udhuru.

Tiba yenyewe, usicheke, ni hivi: mtoto aliyebeba jambo zito hana maneno ya kulisema, basi unampa mahali pa kulicheza, na mtu mzima mmoja wa kukaa naye bila kumharakisha. Aliyetufundisha ni Consolée, mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyeifanya kazi hiyo kambini kwa miaka. Siku ya kujaribu nilianza kumhoji mtoto kama nilivyozoea: unacheza nini, huyu nani, kwa nini analia. Consolée akanipiga kofi la mkononi mbele ya walimu wenzangu.

"Mwalimu, weye uko naulizauliza sana! Mutoto haiko ku tribunali. Ikala, angaria tu. Na kile atakuonesha, haiko yako. Ni yake."

Yaani mtoto hayuko mahakamani, nikae nitazame tu. Nikarudi Kitahana tukasafisha stoo ya majembe, ile yenye sakafu ya udongo. Tukatandika mkeka, tukaweka beseni la mchanga, wanasesere wa majani makavu ya mgomba, magari ya makopo, ngoma ndogo na kapu la mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani. Wazazi waliokubali wakaleta watoto wao, mmoja mmoja kwa zamu. Ndani ya chumba hicho mtoto ndiye mkubwa. Mimi nimekuwa mbuzi, nimekuwa mgonjwa, nimekuwa mwanafunzi asiyejua saba mara nane. Mtoto wa darasa la pili alinichapa kwa jani la mgomba akifoka, "Kaa hapo, mjinga wewe, unapoteza muda wa wenzako!" Nasma, ile sauti ilikuwa yangu. Hata kikohozi cha mwisho alikiweka.

Sasa nikuletee Esteri. Jina lake si hilo, nimemwazima, na bibi yake ninayemwita Maximilla ameniruhusu nikusimulie kwa kuwa mambo yenyewe yalikwisha kutoka nje. Ni binti wa miaka minane hivi. Mama yake alifariki msimu wa mvua uliopita, nyumbani, kwa ugonjwa. Watoto walipelekwa kwa jirani mpaka watu walipotoka mazikoni, kama ilivyo kawaida yetu, na Esteri aliporudi aliambiwa mama amekwenda Kagerankanda kulima. Unakumbuka watu wanavyokodi mashamba kule wakakaa miezi. Uongo ulikuwa na mantiki. Tangu siku hiyo mtoto aliacha kusema. Darasani alikaa, akaandika akiambiwa aandike, lakini sauti hakuna.

Chumbani alichagua mwanasesere mmoja. Akamviringisha kitambaa. Akapitisha utepe wa manjano chini ya kidevu na kuufunga utosini. Mimi na wewe tuliuona ufungaji huo kwa baba, Allah amrehemu. Hakuna anayemfunga hivyo mtu aliye hai. Nikajua kwamba mtoto huyu aliona, na kwamba waliomficha hawajui kuwa aliona. Akamzika mwanasesere mchangani, akamfukua, akampangusa, akamtazama usoni, akamzika tena. Wiki hadi wiki. Mimi nimekaa na goti langu, sijasema neno.

Siku moja aliacha beseni. Akatwaa kijiti akachimba sakafu yenyewe, kwenye kona. Akatoa mfukoni punje chache za maharage, akazitia kwenye kiganja cha mwanasesere na kukikunja juu yake. Akamzika, akashindilia udongo kwa viganja. Kisha akanijia pale mkekani, akaniwekea mkono wake wenye vumbi mdomoni. Akaubana kabisa, akinitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Hiyo ndiyo ahadi yenyewe.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaenda kwa Maximilla. Nilijiambia siendi kutoa siri, naenda kuuliza tu. Nilimkuta anapepeta maharage.

"Mama, huyu mjukuu wako anajua mama yake yuko wapi?"

Ungo ukasimama. "Yuko Kagerankanda, analima. Kuna lingine?"

"Nadhani ingefaa aambiwe..."

"Mwalimu, umezaa wangapi?"

"Wanne."

"Umezika wangapi?"

Nikautazama ungo.

"Basi nenda kafundishe hesabu."

Nikaenda kufundisha hesabu. Lakini moto nilikuwa nimeshauwasha, kwa sababu kuanzia siku hiyo Maximilla alianza kujiuliza kinachofanyika humo stoo hata mwalimu akaja kumuuliza habari za marehemu. Dirisha letu ni la mbao, lina ufa. Watoto walikuwa wamechungulia siku ile ya kona, na watoto hawafungwi midomo na Consolée. Habari ikatoka shuleni ikiwa mwanasesere, ikafika kisimani ikiwa mtoto: Mwalimu Badru anazika watoto wa watu kwa majina yao.

Wiki hiyo hiyo watoto wawili wa darasa la pili wakaugua homa. Malaria, Nasma, mvua zimeanza, mbu wamerudi, kila mwaka ni hivyo. Mwaka huu ikawa ni mimi. Darasa likaanza kupungua. Dukani nikisalimia, watu wanaitikia huku wanatazama viatu vyangu. Kisha jiwe likatua juu ya bati wakati tunakula chakula cha mchana, na hilo ndilo tundu lenyewe. Shadia akaweka kijiko chini.

"Baba Zuhura, walimu dunia nzima wanafundisha kwa chaki. Wewe peke yako ni mchanga."

Akaanza kufungasha nguo za watoto.

Mwenyekiti wa kijiji, Niyomwungere, akaja akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Ni mtu mwema, ila uchaguzi wa serikali za mitaa ni Novemba. "Mwalimu, mimi nakujua," akasema. "Lakini wanaokujua ni wachache kuliko wanaopiga kura. Wanataka kuwaita kamchape." Unawajua, Nasma, wale wafichua wachawi. Wakifika mahali hawaondoki bila kumpata mchawi, na mchawi akishapatikana, nyumba yake ndiyo inayochomwa. Mansuri alitangulia tu kidogo.

Tukaitwa uwanja wa shule Jumatatu iliyopita, mchana. Sijapata kuona watu wengi hivyo hapo hata siku ya kugawa vyandarua. Polisi kata alikuwapo, kijana mmoja na pikipiki yake. Mwalimu mkuu akaeleza mafunzo, akaeleza kibali, akaonesha na mkeka. Mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Mkeka tumeuona! Tuoneshe ulichozika!"

Niyomwungere akanigeukia. "Mwalimu, kuna kitu kimezikwa humo ndani?"

"Kipo."

Uwanja mzima ukavuta pumzi.

"Ni nini?"

"Mwanasesere wa majani ya mgomba."

"Ni wa nani? Aliyezikwa humo ni nani?"

Hapo ndipo nilipobanwa. Maximilla alikuwa amesimama mstari wa mbele, kitenge kimekazwa kiunoni, na ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Aseme!" alikuwa akisema. "Nimempa mtoto bubu, nimempa mjukuu wangu, amfanyie nini? Aseme, huyu mlozi!" Nasma, sentensi moja tu ingeniokoa. Ningemwambia, mama, aliyezikwa humo ni binti yako, na aliyemzika ni mjukuu wako. Watu wangerudi nyumbani. Lakini ningekuwa nimemvua nguo mtoto mbele ya kijiji, na kumwaga msiba wa yule bibi kama maji machafu. Tena Esteri mwenyewe alikuwa amepanda jiwe pembeni na watoto wenzake, ananitazama mdomoni.

"Siwezi kusema," nikasema. "Cha mtoto ni cha mtoto."

Nadhani ni maneno mabaya kuliko yote ambayo mtu anaweza kuyasema mbele ya umati unaomdhania mchawi. Kelele zilizopanda sitaki hata kuzikumbuka. Mtu alinishika kola, ile ya shati la mafunzo. Miguu yangu, ile uliyokuwa ukiicheka kwa kushindwa mbio, ilitaka kukimbia, goti likakataa. Watu wakadhani ni ushujaa.

Aliyeniokoa ni Niyomwungere. Akapanda juu ya dawati. "Kamchape haji hapa! Tunachimba wenyewe, sasa hivi, polisi anaona. Tukikuta mtoto wa mtu, Mwalimu ni wenu. Tukikuta majani ya mgomba, kila mtu aende shambani kwake."

Wakaingia walioweza kuingia. Mwanamume mmoja akapiga jembe kwenye kona, taratibu kama mtu anayechimba karibu na nyoka. Pigo la tatu likaja na kitambaa. Hakuna aliyetaka kukigusa. Akakiinua kwa ncha ya jembe, kikaning'inia mbele ya macho yetu: mwanasesere, utepe wa manjano umefungwa utosini. Kiganja kikafunguka, punje za maharage zikadondoka.

"Mbegu!" mtu akapiga ukelele. "Anafunga mashamba yetu! Mmeona? Mbegu!"

Wakaanza kusukumana. Polisi kata akaniweka nyuma ya mgongo wake, naye jasho linamtoka. Na katika kelele hizo nikamwona Maximilla amepiga magoti. Anaokota zile punje, moja moja, kutoka kwenye udongo. Akazitazama kiganjani. Kisha akautoa mkono, akamchukua mwanasesere kwenye jembe kama unavyompokea mtoto mchanga kwa mtu, akaugusa ule utepe.

"Nyamazeni," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini walionyamaza wakawanyamazisha wengine. "Huyu ni mwanangu."

Niyomwungere akauliza, "Mama, unasemaje?"

"Nilimwekea mbegu kiganjani. Alikuwa mkulima, sikutaka afike huko mikono mitupu. Nilikuwa peke yangu naye, mlango nimeufunga. Hajui mtu." Akanitazama mimi. "Hajui mtu, Mwalimu. Chini ya kitanda sikuangalia."

Sikumjibu. Hata wakati huo, Nasma, sikumjibu. Yule mwenye jembe akaliweka chini na kuvua kofia.

Sasa usishangilie, maana lililonitisha kweli lilikuwa bado. Nilipogeuka mlangoni kumtafuta Esteri, hayupo. Wenzake wakasema alikuwa hapo, ameona jembe, ameona linachoinua, akakimbia. Fikiria alichokiona yule mtoto. Kaburi alimwonesha mtu mmoja tu, akamfunga na mdomo kwa mkono wake, na sasa kijiji kizima kiko ndani kinalifukua.

Tulitawanyika. Wale wale waliokuja kunichoma wakaingia kwenye migomba wakiita jina lake. Wengine walikwenda mtoni, na walioelekea mtoni hawakuwa wanaita, walikuwa wanakimbia tu. Mimi na Maximilla tukashika njia ya barabara kuu, yeye mbele na mwanasesere mkononi, mimi nyuma nachechemea. Alikuwa anasema peke yake kwa Kiha, "Mwana wanje, mwana wanje," mwanangu, mwanangu, sijui alimaanisha yupi.

Tulimkuta kituoni, upande wa magari yanayokwenda Kasulu. Amesimama wima na sare yake ya shule, amenyoosha mkono. Magari ya mizigo yanampita na vumbi lake. Nasma, alikuwa anakwenda Kagerankanda. Alijua, na hakujua. Alitaka kwenda kuhakikisha.

Maximilla hakumkamata. Aliketi chini, pale pale kwenye vumbi la barabara, mtu mzima wa heshima yake, akamweka mwanasesere mapajani. Akasema, "Mama yako hayuko Kagerankanda. Nilikudanganya. Alikufa ndani ya nyumba yetu, nikamfunga mimi, na mbegu nikamwekea mimi. Wewe uliona. Kaburi lake liko nyuma ya shamba la babu yako."

Mtoto alisimama muda mrefu na mkono bado umenyooka barabarani. Kisha akaushusha. Akamwendea bibi yake, akamvuta kitenge, akimvuta kama unavyomvuta ng'ombe aliyelala. Bibi akainuka. Wakashika njia ya shambani, na mimi nikabaki kituoni. Kule hakukuwa na kazi ya mwalimu.

Hiyo ndiyo habari yote, na sasa nikujibu kuhusu kuja Tanga. Watoto wa homa wamepona. Watu wameanza kunisalimia usoni, na mmoja ameleta bati, hakusema ni la nini. Chumba bado kimefungwa. Ufunguo anao Niyomwungere, na wazazi watakaa Ijumaa ijayo kuamua kama kifunguliwe. Maximilla anasema atasimama kukitetea. Wapo wanaosema mganga mjanja hata bibi anaweza kumroga asimame. Shadia hajafungua mabegi. Kwa hiyo usidhani nimeshinda. Inawezekana ukaniona mlangoni kwako Oktoba na goti langu.

Lakini kwa hiari yangu siji. Esteri anaongea. Maximilla anasema nyumbani mdomo haufungi, anauliza habari za mama yake kuanzia asubuhi: alipenda nini, alilia, kwa nini hamkuniita. Kuna jioni bibi anamwomba apumzike kidogo. Mtu mmoja tu duniani hasemi naye, nami ndiye huyo. Akiniona anageuza uso. Siku ya Alhamisi nilimpa daftari lake, akalichukua kwa ncha ya vidole kama linanuka. Anaamini nilisema mimi.

Nikamwuliza Consolée kwa simu nifanye nini. Akacheka, yule mama! "Anakununia mbele ya watu wote? Ni vizuri, Mwalimu. Ikala, ungoje. Siku moja atakuja kukupiga. Umuache akupige."

Basi nangoja. Mtoto huyu ameshaachwa na mtu mzima aliyeondoka bila kumuaga, akaambiwa yuko shambani. Nikipanda lori la Athuman Jumanne, nitakuwa wa pili, na Tanga itakuwa Kagerankanda yangu. Acha kwanza animalizie hasira zake. Hata kama ni kwa jani la mgomba.

Nisalimie sana shemeji, na watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Shangazi Mwamvua mwambie kahawa yake iko kwenye mzigo wa Athuman, asiniandame. Shadia anakusalimu, na ameniagiza nikuulize kama kwenu kuna nafasi za walimu wa chaki. Mansuri akikupigia tena, mwambie nimefufuka.

Mwenyezi Mungu awalinde huko pwani, awape riziki ya halali na usingizi wa amani, na kila mliyemzika amweke pema.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata unaponililia mapema,

Badru